Majani, Manyoya na Sufi: Historia ya Kiatu cha Kambini Penye Baridi

Mwezi Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, alimuuliza kiongozi wa msafara wake ile nyeupe iliyoko juu ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na jina la theluji. Akajibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi. Baadaye Rebmann alisimuliwa kwamba baba yake Mangi Mamkinga wa Machame aliwahi kutuma watu wakaichunguze hiyo nyeupe. Kundi zima liliangamia, isipokuwa mtu mmoja aliyerudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi.

Kisa hicho hunijia kila ninaposoma habari za safari za nchi za barafu, kwa kuwa huko nako miguu ndiyo inayotangulia kufa. Mtu akiwa anatembea, mwendo wenyewe unampa joto. Hatari inamsubiri jioni, mzigo umeshatuliwa, kiatu kimelowa jasho la mchana, na damu imeacha kukimbilia vidoleni. Kiatu chake kikiganda usiku, asubuhi kitakuwa kama gogo. Ndiyo maana waliozaliwa kwenye baridi walijishughulisha sana na kile kinachotiwa ndani ya kiatu, na jinsi ya kukikausha usiku.

Ujuzi huo ni wa kale. Mwaka 1991, katika milima ya Alps kwenye mpaka wa Italia na Austria, ilipatikana maiti ya mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Soli za viatu vyake zilikuwa za ngozi ya dubu. Ndani mlikuwa na wavu uliosokotwa kwa gome la mti, na kazi ya wavu huo ilikuwa kushikilia majani makavu yaliyouzunguka mguu.

Majani hayohayo, au ndugu zake, ndiyo yaliyowatunza Wasami wa kaskazini ya Skandinavia. Kiatu chao, ambacho Wanorwei walikiita finnesko, kilishonwa kwa ngozi ya reinde, mnyama wa nchi za baridi, manyoya yakitazama nje. Majani yalivunwa wakati wa kiangazi, yakapondwa, yakachanwa mpaka yakawa laini kama katani, kisha yakasokotwa mafungu ya kuhifadhi. Mvaaji alitandaza konzi la majani, akayazungushia mguu kama kiota, akauingiza kiatuni taratibu ili pasibaki mahali patupu wala pa kubana. Hewa iliyotulia katikati ya majani ndiyo iliyozuia baridi, na majani yenyewe yalikunywa jasho. Jioni yaliondolewa na kutundikwa karibu na moto. Pasipokuwa na moto yalikung'utwa tu, jasho lililoganda likadondoka chembechembe. Asiyejua kuyapanga alijeruhiwa na kiatu kilekile kilichomstarehesha mwenzake.

Wasami wawili, Per Savio na Ole Must, walikuwa miongoni mwa watu 10 wa msafara wa mvumbuzi Borchgrevink ambao mwaka 1899 ulikuwa wa kwanza kukaa msimu mzima wa baridi kwenye bara la Antaktika, huko Cape Adare. Majina yao yastahili kutajwa pamoja na ya manahodha.

Waingereza waliofuata walibeba finnesko, na Machi 1902 wakakutana na sura zake mbili kwa siku moja. Kundi la mabaharia wa meli ya Discovery lilishikwa na dhoruba karibu na kambi yao. George Vince, aliyevaa viatu vya manyoya, aliteleza kwenye mteremko wa barafu ngumu, manyoya yakakosa pa kushika, akatumbukia baharini na hakuonekana tena. Clarence Hare, naye akiwa na viatu vya aina hiyo, alipotea, akalala akafunikwa na theluji yapata saa 36, kisha akaamka na kurudi melini kwa miguu yake, bila baridi kumla kidole. Palepale nauona mpaka wa kiatu hiki: hakikuumbwa kwa mteremko wa barafu, ila kwa mtu aliyelala hakina mfano.

Roald Amundsen, msafiri wa Kinorwei, alijifunza kwa wenyeji wenyewe. Miaka ya 1903 hadi 1905 aliishi jirani na Wainuit wa Netsilik, kaskazini ya Kanada, ambao wanawake wao walishona buti za tabaka mbili: soksi ya ngozi yenye manyoya yaliyogusa mguu, na buti juu yake. Usiku buti zilitundikwa juu ya taa ya mafuta ya sili, na asubuhi wanawake wakazitafuna kwa meno mpaka ngozi ikalainika. Kwangu hao ndio mafundi wakuu wa historia hii, na vitabu vingi vimewapita bila kuwataja hata mmoja.

Karne ya 20 ilileta kitu tunachokijua vizuri sisi wa Pwani: sufi. Buti za kupandia sehemu za juu za Everest mwaka 1953 zilitengenezwa Uingereza zikiwa na tabaka nene la nyuzi za sufi, zilezile tunazojazia mito na magodoro. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani na utando wa nta nje, kwa hiyo hushika hewa na kukataa maji.

Hata hivyo sufi haikai peke yake kiatuni; ngozi inayoizunguka hulowa na kuganda. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei, Edmund Hillary alivua buti zake zilizokuwa na unyevu. Alfajiri akazikuta zimeganda kabisa, akalazimika kuzipasha juu ya moto wa stovu ya Primus mpaka hema likajaa harufu ya ngozi inayoungua. Tenzing Norgay alikuwa amelala na zake miguuni: buti za ngozi ya reinde, alizozipata kwa Waswisi. Saa tano na nusu asubuhi wote wawili walikuwa kileleni.

Leo msafiri wa milima ya theluji hubeba viatu vyepesi vilivyojazwa manyoya laini ya bata au nyuzi za plastiki, vya kuvaa hemani tu. Kwenye Kilimanjaro utaviona miguuni mwa wageni pale Barafu, kambi iliyo juu ya mita 4,600. Wapagazi waliobeba mahema hayo, wengi wao huvua raba zilizolowa na kujikunyata na soksi. Tangu 2003 kuna mradi mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaowaazima wapagazi mavazi ya baridi bila malipo. Mpagazi anachukua buti na koti kabla ya kupanda, na akishuka anavirudisha ili mwenzake apande navyo.