Kuzindua Seli

Wahenga walionya: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Kwenye lukemia, yaani saratani ya damu, wapo watafiti wanaokaidi onyo hilo makusudi. Wanaziamsha seli za saratani zilizolala ili dawa izipate.

Usingizi huo ni upi? Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake. Saitarabini, dawa kongwe ya lukemia kali ya mieloidi, hujipenyeza humo humo katika kunakili. Kazi ikakwama, seli ikafa. Lakini ndani ya uboho wa mifupa hujificha seli shina chache za lukemia zisizonakili chochote. Zi hai, ila hazigawanyiki, na dawa huzipita. Baadaye mgonjwa aliyeambiwa damu yake imesafika hurudiwa na maradhi.

Tuziiteje? "Seli bwete" ni jina fupi, lakini akaaye bwete ni mvivu, na seli hii si mvivu: imejihifadhi. Walimu wa jiografia walishatusaidia. Volkano iliyolala si volkano mfu, maana yaweza kulipuka tena. Basi na tuseme "seli zilizolala".

Na kitendo chenyewe? "Kuchochea" hufaa moto ambao tayari unawaka. "Kuamsha" linaeleweka, ila hata jogoo huamsha. Napendekeza "kuzindua". Siku hizi tumelizoea kwenye miradi na utepe wa kukatwa, lakini aliyezimia naye huzinduliwa, na anayemzindua huwa kando yake, anajua kinachofuata.

Kizinduzi kilichojaribiwa zaidi ni G-CSF, protini inayouhimiza uboho kutengeneza chembe nyeupe. Mwaka 2010 watafiti wa Japani waliwapa G-CSF panya waliopandikizwa lukemia ya binadamu; seli shina zikaanza kugawanyika, na saitarabini ikaziangamiza kwa wingi. Kwa wagonjwa wenyewe, jaribio la Ulaya la watu 640, lililochapishwa 2003, lilionyesha kuwa kati ya waliopata nafuu kamili, asilimia 42 ya waliozinduliwa seli walikuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka minne, dhidi ya asilimia 33 ya wenzao. Majaribio mengine hayakuona faida hiyo, na mbinu haijawa tiba ya kawaida.

Methali, basi, haijashindwa. Atakayeliingiza neno hili kamusini aandike na sharti lake: seli huzinduliwa dawa ikiwa tayari mkononi.