Asili ya Neno "Anguish" na Dhiki ya Uluguru

Neno la Kiingereza "anguish", yaani uchungu mkuu wa moyo, asili yake ni neno la Kilatini "angustia", maana yake wembamba wa mahali. "Angst" la Kijerumani ni la ukoo huo huo, nalo Luther alilitumia katika Yohana 16:33. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 ina "dhiki" hapo hapo. Nalo latoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya wembamba vilevile. Basi lugha za koo mbalimbali zashuhudia kwamba moyo wenye uchungu ni moyo uliobanwa.

Uluguru waijua maana hiyo. Mpango wa ardhi wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta katika miteremko ya milima. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na amri hiyo ikaachwa. Dhiki ile haikutokana na upungufu wa imani. Watu walikuwa wamebanwa.

Kwa hiyo sisi wachungaji tusiharakishe kumkemea mwenye dhiki. Kwanza tumwulize ni nini kinachombana. Katika Zaburi 118:5 wokovu wenyewe ni kupewa nafasi.