Mtoi Ako Kwa Keto ya Kifafa? Hii Ndio Rada ya Ladha Salama

Piga picha hii. Uko Sigowet, jioni, watu wametoka kuchuma majani chai. Sufuria ya chai ya maziwa iko jikoni na sukari imeshaingia. Gogo anamimina vikombe, kila mtu anapata chake. Isipokuwa mtoi mmoja. Yeye ako kwa keto juu ya kifafa, so anaangalia tu. Gogo anamwonea huruma, anamwonjesha kidogo. Kidogo tu.

Hiyo "kidogo" ndio story ya leo.

Hii si keto ya kutoa kitambi

Sahau ile ya Instagram. Hii ni matibabu ya hospitali. Ilianza Marekani mwaka wa 1921, na Russell Wilder, daktari wa Mayo Clinic, ndiye aliipatia jina. Mwili ukikosa wanga unachoma mafuta, unatengeneza ketoni, na ubongo unatumia hizo kama nguvu. Kwa watoi wengi ambao dawa zimekataa, kushikwa kunapungua.

Utafiti mmoja wa London uliotoka 2008 ulikuwa na watoto 145. Baada ya miezi 3, 38% ya waliopangiwa keto walikuwa wamepunguza kushikwa kwa zaidi ya nusu. Kwa wale waliobaki na matibabu ya kawaida, ni 6% pekee. Na kama unapenda movie, tafuta First Do No Harm ya 1997, Meryl Streep akiwa mathe wa mtoi kama huyu. Director wake, Jim Abrahams, alikuwa na kijana aliyepitia hiyo hiyo.

Lakini usianzishe mtoi keto kwa keja. Kuna watoto wamezaliwa na mwili usioweza kuchoma mafuta, na kwao hii diet inaweza kuua. Lazima vipimo kwanza, daktari, na mtaalamu wa lishe. Na dawa za kifafa haziachwi bila daktari kusema.

Cheki hesabu

Keto kali inaitwa 4 kwa 1: gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga zikijumlishwa. Mtoi wa kalori 1,000 kwa siku anabaki na gramu 25 pekee za protini na wanga pamoja. Akipewa protini gramu 15, wanga yote ya siku ni gramu 10.

Sasa, kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi. Vijiko viwili kwa chai vinakula karibu wanga yote ya siku, na hajala hata mboga. Ndio maana kuonja kidogo kunaweza kurudisha kushikwa.

Adui si ladha, ni kile kinaibeba

Shika hii hata ukisahau zingine. Iliki haina noma. Vanila haina noma. Shida ni kile kiwanda kimechanganya nayo ndio ijae pakiti ama imiminike vizuri. So usisome mbele ya pakiti, geuza nyuma. Ukiona "sugar", "glucose", "dextrose", "maltodextrin", "corn syrup" ama "starch", rudisha kwa shelf. Ukiona "glycerin", "sorbitol" ama "maltitol", usinunue kabla ya kuuliza, juu hizo pia huhesabiwa.

"Sugar free" haimaanishi haina wanga. Sucralose yenyewe si sukari, lakini ile ya unga kwa vipakiti mara nyingi imechanganywa na dextrose ama maltodextrin. Ya matone huwa safi zaidi, lakini bado soma.

Za kutumia, kwa kipimo

- Chumvi, iliki, mdalasini, tangawizi, pilipili manga. Nunua nzima ama iliyosagwa bila kuchanganywa. Ni pinch, si kijiko, na iandikwe kwa menyu ya siku.
- Dania, rosemary na majani ya mint kutoka shambani.
- Ganda la limau likikunwa kidogo. Juisi yake lazima ipimwe.
- Stevia ya matone isiyo na kitu kingine.
- Vanila ya matone isiyo na sukari.

Uliza mtaalamu kwanza

- Kitunguu, kitunguu saumu na nyanya. Ni chakula poa lakini zina wanga, so zinaenda kwa mizani.
- Chai masala ya pakiti. Zingine ni viungo tupu, zingine zimeongezwa sukari.
- Mursik. Kugandishwa kunapunguza sukari ya maziwa lakini haiishi. Maziwa fresh yana gramu 5 hivi za wanga kwa kila mililita 100.

Wacha kabisa

- Asali. Najua ni ya asili, lakini karibu 80% yake ni sukari.
- Mchuzi mix na sosi za chupa zenye wanga ama sukari.
- Juisi ya unga, soda na drinking chocolate.
- Mafuta ya kunukia ya mkaratusi au kafuri. Yakimezwa yanaweza kuleta kushikwa yenyewe, hata kwa mtu hana kifafa.
- Kungumanga nyingi, ni sumu.

Usisahau kemisti

Dawa ya maji ya homa ama kikohozi mara nyingi imetiwa sukari ndio watoi wakubali. Kila ukienda kemisti sema mapema, "Mtoto ako kwa keto ya kifafa," uulize kama kuna tembe ama ya maji isiyo na wanga.

Akiteleza

Usimpige, na usimnyime chakula ati ulipize. Andika amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, kisha pigia timu yake. Akishikwa, mlaze kwa ubavu, usiweke kitu kwa mdomo. Ikipita dakika 5, kimbiza hospitali.

Na gogo je?

Usimfokee. Yeye anaona mtoto ananyimwa, na kwao kumnyima mtoto chai ni aibu. Mweleze kwa heshima kwamba sukari kwa huyu ni kama kumwaga dawa yake chini. Halafu mpatie kazi: strungi nyepesi bila sukari, krimu iliyopimwa kwa mizani, iliki moja iliyopondwa, tone la stevia kama mtaalamu amekubali. Kikombe chake peke yake, rangi tofauti, hakuna mwingine anakigusa.

Hapo gogo akimimina chai, mtoi pia ananyoosha mkono kama wengine.