Panya, Jeni na Jua la Ufipa

Baridi ya nyanda za juu za Ufipa, Tanzania, hudanganya. Asubuhi mjini Sumbawanga watu hujifunika makoti, na mgeni huweza kudhani jua la huku halina makali. Lakini kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa ya kuchuja mionzi ya urujuanimno inavyopungua. Mtoto mwenye ualbino akipalilia ulezi mchana bila kofia, masikio, midomo na shingo huungua mapema, na saratani ya ngozi huja kuota palepale miaka ya baadaye. Wapo waliouita ugonjwa huo laana. Historia ya sayansi ina jibu jingine, na sehemu yake kubwa ilipatikana kwa panya.

Mwaka 1928 mtafiti wa Uingereza, G. M. Findlay, alionyesha kwamba panya wakimulikwa mionzi hiyo kwa muda mrefu huota saratani ya ngozi. Jua likawa na hatia. Mwaka 1993 watafiti walibaini kwamba jeni inayowapausha panya fulani wenye macho ya waridi ndiyo iliyoharibika kwa watu wenye ualbino wa aina ya pili, aina iliyoenea zaidi Afrika. Miaka miwili baadaye, utafiti alioshiriki daktari J. Luande uliwapima Watanzania wenye ualbino, ukakuta kipande kilekile cha jeni hiyo kimekatika kwa wengi wao. Jeni hiyo ikiharibika, ngozi hutengeneza melanini kidogo mno, nayo melanini ndiyo mwavuli wa ngozi.

Atakayesema panya si mtu ana hoja: mnyama huyo ana manyoya na hupenda giza. Ndiyo maana ushahidi wa 1995 una uzito, kwa kuwa ulitoka kwa Watanzania wenyewe. Mwingine atasema kilichorithiwa hakikwepeki. Hapa ndipo panya wa Findlay wanapotufaa: bila mionzi, jeni peke yake haichomi ngozi. Urithi hutoka kwa wazazi wote wawili, mara nyingi wasio na ualbino, kwa hiyo hakuna mama wa kulaumiwa, wala mtoto wa kufichwa. Kinachotakiwa ni kofia pana, mikono mirefu, kivuli, losheni ya kukinga jua kama ile inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuwahi hospitali kidonda kisipopona.

Jina Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi". Tuutupe kweli, na kila shule ya Ufipa impe mwanafunzi mwenye ualbino kofia na kiti kivulini.