Miraa: Ni Nini Kilichomo Ndani ya Jani?



Ndugu msomaji, tarawehe ikiisha hapa Nairobi, wako vijana wanaoelekea nyumbani na wako wanaoelekea kwa muuza jaba, kuanzia River Road mpaka Kangemi na Kawangware. Ukimuuliza mmoja wao atakwambia, "Hii si haramu bwana, ni majani tu." Hoja hiyo ina umri wa karibu miaka mia tano. Tuitazame historia yake.

Imam Ibn Hajar al-Haytami, mwenye Tuhfa tunayoisikia madrasa, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria (1567), aliulizwa na watu wa Yemen kuhusu hukumu ya qat, yaani miraa hii hii. Akaandika risala nzima. Tatizo lake lilikuwa ushahidi. Watafunaji wengine walimwambia haina neno, wengine wakasema inaharibu akili na mwili. Hakuwa na njia ya kujua jani lenyewe lina nini. Basi hakukata kuwa ni haramu, bali aliwaonya watu wajiepushe nayo kwa sababu ya shubha.

Swali lile likaja kuingia maabara. Mwaka 1887 wanakemia wawili, Flückiger na Gerock, walitoa dawa fulani ndani ya miraa wakaiita katini. Mwaka 1930 Wolfes akaitambua ni kitu gani hasa. Lakini hesabu ilikataa: katini ni hafifu, haitoshi kueleza ile handas ya mtafunaji. Kumbe kosa lilikuwa kwenye majani. Yalisafiri mbali na kufika Ulaya yamekauka. Ndipo mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ya madawa ya kulevya, ikifanya kazi na majani mabichi, ikapata kitu kikali zaidi: katinoni. Hii ni ndugu wa amfetamini, kwa umbo na kwa kazi. Jani likinyauka, katinoni hugeuka kuwa katini, na nguvu hupungua.

Sasa unaelewa kwa nini miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na kwa nini pikapu kutoka Maua hukimbizwa kama wendawazimu mpaka uwanja wa ndege wa Wilson kuwahi ndege za Somalia. Mfanyabiashara alijua kwa uzoefu jambo lililowachukua wanakemia karibu miaka tisini. Hata Meru imeingia vitabuni, maana miaka ya 1980 dawa nyingine iliyopatikana ndani ya jani hili iliitwa merukatinoni.

Mwaka 1986 katinoni iliwekwa katika daraja kali kabisa la mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971. Jani lenyewe halikuwekwa. Uingereza ililipiga marufuku mwaka 2014, lakini hapa Kenya ni halali kisheria, na familia nyingi za Meru zinasomesha watoto kwa hilo. Tusiwatukane wakulima hao. Wanazuoni nao wangali wanatofautiana: wa Saudia wameiharamisha, wengi wa Yemen wameiruhusu.

Mimi si mufti, ndugu yangu. Ila Ibn Hajar alikosa kitu ambacho wewe unacho. "Ni majani tu" lilikuwa neno la kusameheka zama zake. Leo tunajua kilichomo huondoa usingizi na kuua hamu ya chakula. Basi jipime Ramadhan hii. Daku inakushinda kwa sababu huna njaa. Alfajiri imekupita, au umeiswali macho mekundu. Mchana wote umelala, na saumu imekuwa ndoto. Pesa ya futari ya mama imeishia kwenye bunda. Hapo huhitaji fatwa mpya. Hesabu unaijua mwenyewe.

Anza na usiku mmoja tu. Toka msikitini, nenda nyumbani, lala, uamke ule daku na wazazi wako.

Allah atupe tawfiq na atukubalie saumu zetu. Ameen.