Gombessa Alikuwa na Jina Tayari

Visiwani Komoro, wavuvi humwita gombessa. Akinasa kwenye mshipi usiku alikuwa hasara tu: nyama yake imejaa mafuta, ukiila tumbo linakuendesha. Magamba yake makali yalikwaruzia tyubu ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Basi.

Desemba 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, karibu na mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London (ile ya huko, si ya Waingereza), alimwona kwenye rundo la samaki, akamchora, akamwandikia mtaalamu J.L.B. Smith. Smith alichanganyikiwa. Ukoo huo wa silikanti ulidhaniwa kuisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita! Akamwita Latimeria chalumnae. Hapo sina neno, dada alistahili.

Kisha akasambaza vikaratasi pwani nzima: atakayeleta mwingine, pauni 100. Miaka 14 ikapita. Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Nzwani akamvua kwa mshipi wake. Smith, akihofia samaki ataoza, alimpigia simu Waziri Mkuu D.F. Malan, akapewa ndege ya jeshi. Malan ni yule yule aliyeingia madarakani 1948 na apartheid mkononi.

Kwa shukrani, Smith akamwita samaki huyo Malania anjouanae. Hebu soma tena pole pole. Mkomoro ndiye aliyekesha baharini, halafu heshima anapewa jamaa ambaye serikali yake ilikuwa ikiwatenga watu wa rangi ya Abdallah. Abdallah alilipwa pauni zake, sawa, lakini jina hakupata.

Na jina lenyewe halikudumu. Smith alidhani ni jamii mpya kwa sababu samaki hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni. Kumbe alikuwa na kasoro tu. Ni yule yule wa 1938.

Mwaka 1987 Hans Fricke aliwafuata kwa nyambizi ndogo huko Ngazidja, akawapiga picha wakiwa hai kwao. Mchana hujibanza kwenye mapango ya miamba ya volkano, karibu mita 200 chini, kwenye maji baridi yenye giza. Usiku hutoka kuwinda, wakielea taratibu kama watu wasio na haraka ya kufika popote.

Kwetu, mmoja alinaswa na meli ya uvuvi karibu na Malindi mwaka 2001. Tanga walianza kuonekana baadaye, kwenye jarife zilizotegwa kina kirefu kusaka papa, wengi kiasi kwamba sasa kuna hifadhi ya bahari yenye jina lao. Jina lililowekwa ni silikanti.