Marudio

Mjomba wangu hununua matope. Nilipowaambia hivyo wenzangu chuoni, walidhani natania. Kule Geita matope hayo huitwa marudio: mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na dhahabu kuoshwa mwaloni kwa zebaki. Mwenye mawe huona kazi imekwisha. Mjomba huona ndiyo kwanza imeanza. Huyanunua marudio kwa lori, huyapeleka kwenye matangi ya sayanaidi, na dhahabu iliyoiponyoka zebaki hutoka. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, na sehemu ya ada ya shahada hii ya uzamili pia.

Kwa hiyo nilipokutana na habari za Kasese maktabani, nikitafuta mada ya tasnifu, nilihisi kama nasoma habari za nyumbani.

Kasese iko magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika pale, na mwaka huohuo mgodi wa shaba wa Kilembe, ulio bondeni kilomita chache juu ya mji, ulianza uzalishaji. Mawe yalisagwa yakawa unga, unga ukatiwa kwenye maji yenye kemikali na kupulizwa hewa, chembe za shaba zikapanda juu pamoja na povu. Kilichokusanywa kwenye povu hilo ndicho sisi Watanzania tulichojifunza kukiita makinikia mwaka 2017, serikali ilipozuia kisisafirishwe nje. Makinikia ya Kilembe yalipanda treni hadi Jinja, kwenye tanuru lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls, na shaba ikashuka hadi Mombasa.

Lakini povu lilitenga kitu kingine pia: pairiti, jiwe la chuma na salfa linalong'aa njano na kumdanganya mchimbaji mgeni kwamba ameona dhahabu. Ndani ya pairiti ya Kilembe mlikuwa na kobalti, kidogo zaidi ya asilimia 1. Wataalamu walilijua hilo. Walichokosa ni njia ya kuitoa kwa faida. Basi pairiti ilishushwa Kasese na kurundikwa karibu na mji, mwaka baada ya mwaka, hadi ikapita tani milioni moja. Waliohesabu madini waliliita lundo lile akiba.

Ugumu wa kobalti ni wa zamani. Wachimbaji wa Ujerumani walikuwa wakikuta mawe yaliyofanana na ya fedha au shaba, wakiyachoma yanatoa moshi wenye sumu na hakuna fedha wala shaba. Wakasema vibwengo wa mgodini wamewachezea. Jina kobalti linatokana na kibwengo, na nikeli nayo ilipewa jina la zimwi. Wanasayansi wawili wa Sweden ndio waliotambua kwamba hizo ni metali kamili: Georg Brandt aliitambua kobalti katika miaka ya 1730, na Axel Cronstedt akaitambua nikeli mwaka 1751. Katika jedwali la elementi zinakaa jirani, namba 27 na 28, na tabia zao zinakaribiana mno. Nyumbani tungesema ni Kulwa na Doto. Ukiyeyusha moja, nyingine inafuata. Kemikali za kuwatenganisha mapacha hawa kwa urahisi ziliboreka sana miaka ya 1980, na kufikia wakati huo mgodi wa Kilembe ulikuwa umekwisha kusimama, baada ya kutaifishwa na kudhoofika katika miaka ya Idi Amin.

Watu waliondoka. Lundo likabaki.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa furaha. Pairiti haikai kimya. Ikipata hewa na maji, bakteria waishio kwa kula chuma na salfa huanza kazi, na kazi yao hutoa asidi. Asidi huyeyusha metali zilizomo. Kila mvua ya Kasese iliyopiga lile lundo iliondoka na asidi, chuma, shaba na kobalti, ikateremka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na Ziwa George. Ilipopita, majani yalikufa, na ukanda wa ardhi tupu ukabaki ndani ya hifadhi.

Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kilianza kulichenjua lundo. Njia yake, iliyoendelezwa na watafiti wa taasisi ya BRGM ya Ufaransa, ilitumia bakteria. Pairiti ilitiwa kwenye matangi makubwa, ikakorogwa na kupulizwa hewa, joto likishikiliwa karibu na nyuzi 42, bakteria wakala hadi kobalti ikawa majini. Mawe ya chokaa yalipunguza ukali wa asidi na kukifanya chuma kitue chini. Kisha viyeyusho viliondoa metali moja baada ya nyingine, Kulwa akatengwa na Doto, na mwisho umeme ukaigandisha kobalti kwenye mabamba. Kiwanda kiliwahi kusimama mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilipoanguka, kikarudi, kikaendelea hadi akiba ilipokwisha, miaka kama 15 baada ya kuanza.

Nilisoma maelezo hayo mara tatu kabla ya kuona kilichokuwa kinanisumbua. Kilichofanyika ndani ya matangi ndicho kilichokuwa kikifanyika nje kwa miaka 40. Bakteria wa aina ileile, hewa, maji, asidi, kobalti ikiyeyuka. Lundo lilikuwa linajichenjua lenyewe tangu siku ya kwanza. Tofauti ilikuwa tangi, yaani mtu wa kuyazuia maji yasiende yanakotaka.

Kwa Kiswahili tunasema kusafisha madini, na Kasese ni mahali pachache ninapopajua ambapo neno hilo lilikuwa na maana mbili za kweli: metali ilisafishwa, na lundo lililokuwa likiichafua ardhi likaondolewa. Lakini usafi huo ulifika pale tu penye kobalti ya kutosha kulipa gharama. Mabaki mengine ya mgodi yamelala bado bondeni Kilembe, kando ya mto Nyamwamba. Mwezi Mei 2013 mto ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe, na mafuriko ya namna hiyo huyamega mabaki hayo na kuyapeleka chini kwa watu wanaotumia maji.

Nayaandika haya wakati mkoa jirani na kwetu unazungumzia kiwanda. Mwaka 2021 Tanzania ilitia saini makubaliano ya kuchimba nikeli ya Kabanga, Ngara, na mpango uliotangazwa ulikuwa kuisafisha Kahama, pamoja na kobalti na shaba zilizomo, badala ya kusafirisha makinikia. Naunga mkono. Mtu aliyesomeshwa na marudio anajua thamani inavyopotea kwa anayeuza mapema. Ila nikisikia hesabu za tani zitakazotoka, swali langu ni kuhusu zitakazobaki, na nani atalala chini yake mvua ikinyesha.

Likizo iliyopita nilimweleza mjomba habari za Kasese. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kobalti inauzwaje siku hizi. Nami nikamuuliza matope yake yanakwenda wapi yakishatoka kwenye tangi.

"Pale," alisema, akaonyesha kwa kidevu bwawa lililochimbwa nyuma ya uzio.

"Chini yake kuna turubai?"

Alinyamaza kidogo. "Upande mmoja," alisema. "Turubai ni ghali, mwanangu. Na wewe ulikuwa unasoma."